Marehemu Anakuja Ijumaa

Chicago, 4 Machi 1995

Shemeji Clovis,

Salamu kwako na kwa dada yangu Lurlene, ambaye mpaka leo najiuliza kwako aliona nini. Mimi sijambo. Goti la kulia linalalamika, la kushoto linamsikiliza mwenzake. Sukari iko pale pale daktari alipoikataza. Binti yangu Verlene hajambo, ananipikia vitu vilivyochemshwa bila chumvi na kuniambia ni chakula. Natumaini na nyinyi ni wazima, na kwamba ule mgongo wako wa ushemasi bado unapinda vizuri mbele ya mchungaji.

Sasa kaa chini. Mwezi uliopita nilitimiza miaka sabini na mitano, Verlene akaniambia, "Baba, chagua mahali, nikukatie tiketi ya ndege uende ukapumzike siku mbili tatu." Wazee wenzangu wa jengo hili wakipewa bahati kama hiyo hukimbilia Las Vegas kuvuta mikono ya mashine za kamari. Verlene akaniletea vitabu vya picha, fukwe, milima, watu wamelala juu ya mataulo kama samaki waliokosa wanunuzi. Nikamwambia afunge vile vitabu, akate Memphis. Akasema, "Baba, Memphis si mapumziko, Memphis ni nyumbani." Nikamwambia ndiyo maana.

Basi nakuja. Sijapanda ndege tangu nizaliwe, lakini naambiwa ni safari fupi, wanakupa karanga wanakushusha. Nitatua Ijumaa na kurudi Jumatatu, na katikati yake iko Jumapili ya tatu ya Mei, ambayo unaijua. Sherehe ya mwaka ya Sauti za Mto Wolf, kundi letu, palepale kanisani Bonde la Eshkoli. Nitalala kile chumba chenu cha nyuma. Ijumaa nataka mbavu za nguruwe za moshi, zile kavu, msinimwagie mchuzi. Jumamosi nataka kupita Mtaa wa Beale nikawasikilize wanaompigia shetani muziki vizuri kuliko sisi tunavyompigia Mungu. Na Jumapili nasimama pangu, mwisho wa mstari, upande wa dirisha, niwape sauti ya nne.

Niandikie mwaka huu mnavaa suti rangi gani, na ule wimbo wa kuvuka mto siku hizi mnauanzia wapi. Mimi popote naingia. Sauti ipo. Nikikohoa asubuhi, jirani wa chini anagonga dari kwa fagio.

Shemeji yako,
Ezell


Memphis, 27 Machi 1995

Shemeji Ezell,

Bwana asifiwe. Barua yako imefika na tumefurahi kusikia u mzima. Sisi hapa tunaendelea kwa neema. Lurlene anasumbuliwa na meno yake mapya, yanamfanya aongee kama mtu wa Arkansas. Mimi shinikizo la damu limepanda wiki hii, sijui kwa nini.

Kuhusu safari yako. Ni jambo jema mtoto kumkumbuka mzazi. Ila nimewaza kama ndugu. Joto la Mei hapa siku hizi si lile ulilolizoea, watu wanaanguka njiani. Mbu nao wameongezeka. Kile chumba cha nyuma tumeanza kukipaka rangi, na harufu ya rangi si nzuri kwa kifua cha mtu mzima. Tena sherehe yenyewe imekuwa ndogo, unaweza ukafika ukakuta imekwisha. Lurlene anauliza, kwa nini usiende New Orleans? Wale nao wanapenda muziki, wanapiga hadi makaburini. Au Nashville, ni karibu zaidi hata kwa ndege. Ukishapumzika huko, sisi tutakuja Chicago Krismasi, kama Lurlene alivyokuja mwaka jana.

Usilichukulie vibaya. Nafikiria masikio yako pia. Ndege inaumiza masikio.

Ni mimi shemeji yako akuombeaye,
Clovis


Chicago, 2 Aprili 1995

Shemeji,

Hatujambo. Natumaini shinikizo lako limeshuka, maana nakuja kulipandisha.

Nilipoisoma barua yako nilidhani umelewa, halafu nikakumbuka kwamba mwandiko wako ukiwa umelewa huwa mzuri kuliko huu. Joto? Clovis, mimi na wewe tumechuma pamba katika Agosti ya Mississippi, tumevaa mashati ya magunia, na wewe ndiye uliyekuwa ukiomba tusimalize mapema kwa sababu binti wa msimamizi alikuwa akileta maji. Mbu? Mbu wa Memphis wananijua kwa jina. Rangi? Chumba ambacho mtu akinyoosha miguu vidole vinatokea dirishani, mnakipaka kuanzia Machi hadi Mei? Mnapaka kwa mswaki?

Na hiyo New Orleans. Niende nikasimame pembeni ya barabara na kaptula, napiga makofi kama mtalii. Au niende Nashville nikamsikilize mtu mwenye kofia ya mchunga ng'ombe akilia kwamba mke kamkimbia na mbwa kafa. Mtu ana mji wake, ana kundi lake, ana ubao wake wa sakafu alioubonyeza kwa viatu vyake mwenyewe, wewe unamtuma akaombe muziki kwa majirani.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata Verlene. Kanisa ninalosali hapa ni kubwa, lina kwaya ya majoho, na kila mwimbaji ana karatasi ya noti mkononi. Mimi noti sisomi, unajua, shule tuliachana mapema bila ugomvi. Nilipokwenda kuomba kuimba, mwalimu wa kwaya akanipa karatasi, nikaishika, akaja akaigeuza maana nilikuwa nimeishika miguu juu. Akaniambia nina sauti nzuri inayosikika mbali, nitafaa kuelekeza magari. Basi miaka yote hii, Jumapili ikifika, nasimama uwanja wa nyuma na kizibao cha rangi ya chungwa nikisema "rudi, rudi, njoo kidogo, simama." Sauti iliyotikisa madirisha ya Eshkoli, inaegesha magari. Nimevumilia kwa jambo moja tu. Nilijua kuna mahali duniani pameachwa wazi kwa ajili yangu, na kwa kanuni ya kundi letu hapakaliwi na mtu nikiwa hai.

Kwa hiyo nakuja. Chumba chako baki nacho na rangi yake. Nitampigia simu Odessa Birdsong, ni mjane, ana nyumba kubwa, na zamani nikishuka kwenye ubeti wa pili alikuwa akinitazama kwa jicho la pembeni.

Shemeji yako kwa bahati mbaya ya dada yangu,
Ezell


Chicago, 9 Aprili 1995

Clovis,

Sikusalimii. Marehemu hawana desturi ya kusalimia watu.

Jana mchana nilimpigia Odessa. Niliitoa ile sauti ya chini kabisa, nikasema, "Hujambo, Odessa. Ni Ezell." Nikaongeza, "Ezell Pettigrew. Usiniambie umenisahau." Nikasikia kitu kinaanguka, kama sufuria, halafu kwa mbali nikamsikia akisema, "Kwa jina la Yesu, rudi ulikotoka."

Nikamwambia, "Natoka Chicago, na Jumatatu narudi huko huko."

Akasema, "Huko ndiko ulikozikwa."

Clovis, unajua maneno hayo yanavyoingia sikioni mwa mtu aliyekuwa amejiandaa kutongoza?

Ilinibidi nijithibitishe. Alinihoji kama polisi. Mama yangu aliitwa nani, nani alimvuta mchungaji wakaanguka wote ndani ya maji siku ya ubatizo. Mwisho akasema, "Kama wewe ni Ezell kweli, niambie jambo la kipuuzi." Nikamwambia moja, sitaliandika hapa. Akalia. Alipomaliza kulia akaanza kunitukana, na hapo nikajua ameamini.

Ndiye aliyenieleza yote. Kwamba mwaka wa sita sasa mimi ni marehemu. Kwamba ulisimama kanisani ukalitangaza hilo kwa mdomo wako. Kwamba palitandikwa kiti kitambaa cheusi pale jukwaani, na juu ya kiti ikawekwa kofia yangu ya kahawia, ambayo mimi nilimsingizia mume wa Verlene kuwa ameitupa, tukanuniana kipupwe kizima. Kwamba Mchungaji Hargrove alihubiri juu ya wema wangu, jambo ambalo bila shaka alikuwa amesimuliwa. Na Lurlene, tumbo moja na mimi, amevaa nyeusi, analia hadi akashikwa na kina mama wawili. Lurlene huyu huyu alikaa mezani kwangu Desemba, akala bata mzinga wa marehemu, akaomba aongezwe.

Nimekukosea nini? Nijibu hilo kwanza. Halafu nijibu la pili, ambalo ndilo lililonifanya nisiguse chakula jana. Odessa anasema mliniimbia ule wimbo wa kuvuka mto. Wimbo ule bila sauti ya nne hauvuki hata mfereji. Nikamuuliza, nani alishika chini? Akasema hakumbuki mtu, anakumbuka kitu kikinguruma. Nataka jina.

Aliyekuwa shemeji yako,
Ezell


Memphis, 20 Aprili 1995

Shemeji,

Mimi nakusalimu, maana nililelewa. Natumaini goti limepata nafuu. Sisi tunaendelea. Lurlene aliisoma barua yako akacheka hadi meno yakamtoka, nami sikuona cha kuchekesha.

Unauliza umenikosea nini. Ngoja nikuulize mimi. Kanuni ile aliitunga nani? Mwaka ule Purvis aliporudi kutoka hospitali ya mapafu akakuta mtu kasimama mahali pake, wakashikana mashati mbele ya madhabahu, nani aliyepanda juu ya benchi akasema kuanzia leo nafasi ya mtu haikaliwi mwenyewe akiwa hai, mpaka aitoe kwa kinywa chake? Ni wewe. Tukaweka mikono juu ya Biblia wote. Halafu ukasema unakwenda Chicago kutazama kazi. Kutazama, Ezell. Umekuwa ukiitazama tangu mwaka 1967. Mwanzo ulikuwa unakuja na treni kila Mei. Treni ikakuchosha, ukaanza kutuma salamu.

Sisi tukaimba bila sauti ya nne. Wewe unajua hiyo ni kitu gani, ni nyumba yenye ukuta na paa na haina sakafu. Tukialikwa na makundi ya Tupelo na Little Rock, watu wanatupigia makofi ya pole. Nimekuandikia mara ngapi kwamba toa nafasi? Hukujibu. Nikaandika tena, ukasema utarudi karibuni. Nikaandika tena, ukajibu maneno ambayo Lurlene aliyakata kwa mkasi kabla ya kuiweka barua kabatini. Vijana wakaanza kuhama. Kundi lilikuwa linakata roho mbele ya macho yangu. Mmoja alipaswa kufa, ama kundi ama wewe, na wewe ulikuwa mbali.

Mimi nilitaka liwe tangazo dogo. Nililiweka baada ya tangazo la chakula cha mchana. Nikasema Ndugu Pettigrew amelala huko Chicago na ameshazikwa, nikawa nakaa. Mama Zenobia akaanzisha wimbo. Kanisa letu unalijua, wimbo wa msiba ukishaanza, humkatizi mtu. Mchungaji akalia. Mtu akaleta kiti. Mtu akauliza kama kuna kitu chake chochote, nami kofia yako ulikuwa umeisahau kwenye gari langu nilipokuja Chicago. Mambo yalinipita mikononi. Kuhusu Lurlene, tulipofika nyumbani nilimuuliza mbona umelia vile na ukweli unaujua. Akasema alikuwa anafanya mazoezi ya siku yenyewe.

Jina unalotaka ni Delmar, mtoto wa Purvis. Haimbi. Sikumweka mwimbaji hata baada ya kukuua, hilo ulipime. Anapiga gitaa la besi, lile la umeme, na anasimama pale pako.

Sasa nakuomba usije. Mchungaji Hargrove hana mzaha na uongo wa madhabahuni. Mimi nitavuliwa ushemasi, na kundi litafungiwa. Kundi hilo ni lako pia. Baki kama ulivyo.

Shemeji yako,
Clovis

Lurlene anasema yule bata mzinga alikuwa mkavu.


Chicago, 26 Aprili 1995

Clovis,

Salamu, kwa heshima ya marehemu mama yako, ambaye nina hakika yeye alikufa kweli.

Gitaa.

Ungeniua kwa ajili ya mtu, ningekaa huku kaburini nikanyamaza. Mtu mwenye kifua, anayekula, anayekohoa, anayeamka Jumapili na koo kavu akaenda kuimba hivyo hivyo. Ningesema sawa, mwenzangu amepatikana. Lakini umeniua kwa ajili ya kibao cha nyuzi nne kinachochomekwa ukutani. Umeme ukikatika, sauti ya nne inakwenda wapi? Gitaa haliimbi, Clovis. Gitaa linanguruma tu. Odessa mwenyewe, mwanamke asiyejua muziki, alilitambua hilo.

Unasema nilikataa kutoa nafasi. Ndiyo, nilikataa, na leo nakataa. Unataka nitoe nini kingine? Kazi ya chuma imechukua mgongo. Mke wangu amechukuliwa. Chumvi amechukua Verlene. Nikivaa kile kizibao Jumapili na watu wakanipungia mkono kwenye vioo vya magari bila kunitazama, mimi husema moyoni, nyinyi endeleeni, mimi pangu papo. Na kumbe pana waya.

Usiniambie kubaki kama nilivyo. Tiketi imekatwa, na Verlene anasema haibadiliki. Nitaingia Eshkoli kwa mlango wa mbele, mkiwa katikati ya kuimba, na suti nyeupe. Hapo nakupa nafasi ya kuchagua, jambo ambalo wewe hukunipa. Ama uwaambie wewe kabla, ama niwaambie mimi kwa kuingia. Kumbuka safu ya mbele wanakaa kina mama waliokaribia miaka mia. Atakayedondoka kwa mshtuko, huyo ni wako, mwongeze kwenye hesabu yako.

Odessa ameapa kunyamaza. Anasema akinitia machoni atanipiga kofi kwanza, halafu ndipo anipikie.

Ezell, mzima


Memphis, 10 Mei 1995

Shemeji,

Bwana asifiwe hata leo. Natumaini u mzima, maana sasa watu wengi wanauliza.

Nimewaambia. Jumapili, baada ya matangazo. Nilisimama pale pale niliposimama siku ile, nikasema Ndugu Pettigrew yu hai, na alikuwa hai siku zote, na ni mimi niliyesema vingine. Kisha Odessa akasema kwa sauti, "Mimi najua, tumeongea kwa simu," na watu wakamgeukia yeye badala yangu, nami nikamshukuru Mungu kwa mwanamke asiyeweza kutunza siri hadi Ijumaa.

Mchungaji akavua miwani. Akaita mkutano wa washirika Jumatano. Sijawahi kuona mkutano uliojaa vile, hata ule wa kununua kinanda. Mama Zenobia alisema, "Nilioka pai za viazi vitamu kutwa nzima, miguu imevimba, kwa ajili ya mtu anayetembea?" Mmoja akasema machozi yake hayarudi. Mwingine akasema, "Huyo Pettigrew mwenyewe alijua, alikuwa anatucheka." Nikakutetea hapo. Nikasema hukujua kitu.

Mimi nimekalishwa. Unajua maana yake, sitaomba mbele ya watu wala kushika sahani ya sadaka mpaka watakapoona nimepoa. Kuimba wameniachia kwa sababu wageni wa Tupelo wameshaalikwa.

Kwako wewe ilikuwa ngumu zaidi, na shida ni Delmar. Kanisa linampenda, Ezell. Hanywi, anamwendesha Mama Zenobia kwa daktari, na amesimama pale bila kelele miaka sita. Hawataki uje umtoe kama mtu anayefukuza kuku. Basi mchungaji akasema hivi, na wakapiga kura. Ukija ukaketi safu ya mbele kama mgeni, watakushangilia kuwa hai, ile ibada itafutwa kuwa ni kosa langu, na siku yako ikifika utaletwa hapa uimbiwe upya, yote, kama mtu ambaye hajawahi kufa. Lakini ukipanda jukwaani kudai nafasi, umepanda kama mtu aliyekwisha kuimbiwa. Kanisa haliimbii mtu mara mbili. Siku yako ikifika watakusomea Zaburi moja, wafumbe vitabu, waende kula.

Nilisimama kupinga nikakumbushwa kwamba nimekalishwa.

Nakusihi, kaa chini. Mazishi ya Eshkoli unayajua, watu wazima wanayatazama mpaka wanatamani zamu yao. Na umesema siku zote unataka kuletwa hapa, kando ya mama yenu. Ni wimbo mmoja wa Jumapili moja dhidi ya hayo yote. Lurlene hacheki tena. Anasema kaa chini, Ezell.

Shemeji yako,
Clovis


Chicago, 29 Mei 1995

Shemeji Clovis,

Salamu kwako na kwa Lurlene. Nimefika salama. Ndege ilirukaruka kama punda aliyekanyaga moto, na karanga zenyewe walinihesabia kama dawa. Goti halijambo. Shavu la kushoto bado lina joto. Odessa ni mwanamke anayetimiza ahadi, mnipelekee asante kwa mbavu na kwa kofi.

Nakuandikia habari za Jumapili. Najua ulikuwepo, lakini wewe ndiye mwimbishaji, unasimama mbele umewageuzia wenzako mgongo, unatokwa jasho na kujipenda. Yaliyotokea nyuma yako huyajui.

Mama Zenobia alinifinya mkono mlangoni kuhakikisha, akanifinya tena kwa ajili ya zile pai. Nilikaa safu ya mbele kama mlivyotaka. Nilikaa vizuri, nikapokea makofi, nikainua kofia. Niliketi wimbo wa kwanza na wa pili. Mlipoanza ule wa kuvuka mto, miguu ilisimama, mimi nikaifuata. Nilimsikia mchungaji akisema nyuma yangu, taratibu, "Haya, amechagua." Na Lurlene akasema "Mjinga," kwa sauti ya kunong'ona ambayo ilifika Arkansas.

Delmar aliniona napanda. Alisogeza waya wake kwa mguu, akahama kidogo kuelekea dirishani, akaniachia ubao. Akasema, "Karibu, mzee." Nikamwambia sikaribishwi kwangu. Akaweka kiganja juu ya nyuzi zikanyamaza.

Ubeti wa kwanza uliusikia. Dunia nzima iliusikia. Vioo viliongea. Nilitaka yule mwalimu wa kwaya wa hapa, na karatasi zake, aletwe na ndege asimame mlangoni asikie.

Halafu ukaja ubeti wa pili, pale wewe unapopanda juu unaomba na kuomba, na wa chini hana ruhusa ya kuondoka, anashika pale pale mpaka umalize kuomba. Na wewe siku hiyo ulikuwa na mengi ya kuombea. Clovis, pumzi iliniishia. Nilifungua kinywa pakawa hamna kitu, ni upepo tu. Kusema "rudi, rudi, simama" hakufundishi kifua kushika. Nilisimama pale na mdomo wazi mbele ya kanisa zima, na nikawaza, nimeuza mazishi yangu kwa hiki.

Ndipo nikasikia kitu miguuni. Kilikuja kupitia ubao, kwenye nyayo, kikapanda. Nilimtazama Delmar kwa pembe ya jicho. Alikuwa ametazama dirishani kama mtu anayeangalia kama mvua inakuja, na kidole chake kimoja kilikuwa kinagusa uzi wa chini, taratibu kiasi kwamba watu wa mbele wasingejua ni yeye. Hakuninyang'anya. Aliiweka tu sauti pale chini, akangoja. Nilipopata pumzi nikaingia, akajitoa kabla hata sijamfikia. Ikaniishia tena, akaja tena. Tulikwenda hivyo hadi mwisho. Ni kama mtu mnayetembea naye gizani, asiyekushika mkono, ila kila ukijikwaa unakuta bega lake.

Kisha mkaja wote. Odessa akasema hakuna kilichopungua. Wazee wa Tupelo wakanishika mikono. Na wewe, mezani, kinywa kimejaa samaki, ukasema, "Sauti ile ile, shemeji. Ile ile." Nilikutazama nikaona kweli hujui. Nikaomba mkate wa mahindi.

Nilimfuata Delmar kwenye magari. Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Nikamuuliza, "Nani alikutuma?" Akasema, "Kutuma nini, mzee?" Akafungua mlango wa gari amwingize Mama Zenobia.

Nimekasirika kutoka Memphis hadi Chicago. Nilitaka awe mpumbavu. Nilitaka awe na majivuno, nywele zimepakwa mafuta, anapiga kwa fujo, ili nimchukie vizuri mpaka nife. Mmeniua miaka sita na hamkunitendea hata ule wema mdogo wa kuniwekea mtu mbaya pale.

Basi uwasomee kundi zima maneno haya. Kanuni inataka kinywa changu, na Odessa ni shahidi kwamba nimeshayasema kwa simu asubuhi ya leo. Nafasi nimeitoa. Ni ya Delmar, yeye na waya wake. Sijaitoa kwa sababu yako, wewe bado ni muuaji, na Lurlene ni msaidizi wako. Nimeitoa kwa sababu imeshapata mtu, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya miguu yake.

Sasa la mwisho, na hili umpelekee mchungaji kwa adabu zote, ukiwa umekalishwa hivyo hivyo. Kura ya kanisa naiheshimu. Nimeimba, sitaimbiwa. Siku yangu ikifika, Verlene atanileta, mtanisomea hiyo Zaburi yenu moja, na mtu yeyote asifungue kinywa. Lakini mimi nilikwisha kusema, na wewe una maandishi yangu, kwamba gitaa haliimbi. Kwa hiyo hamjapiga kura juu ya gitaa. Mkishafumba vitabu, kabla hamjaenda kula, mwache Delmar aguse ule uzi wa chini kabisa. Aguse taratibu, atazame dirishani, na asijitoe mpaka nimefika.

Shemeji yako,
Ezell